Msonobari wa Milimani na Umri Wake



Katika mkutano wetu uliopita, baada ya kumalizika khabari za miche na za majamvi, mwanachama mmoja alisimama akauliza: mkarafuu uliokauka upande mmoja, ukabaki na matawi mawili matatu yenye majani, ukatwe au uachwe? Tulimjibu kwa haraka, kama tulivyokwisha kuwajibu wengine kabla yake, kwamba ukatwe na pahala pake upandwe mche mpya. Akaenda akaukata. Siku ya pili yake tulikwenda kuutazama. Upande ule mkavu ulikuwa mkavu kweli, lakini upande wa pili ubao wake ulikuwa mbichi na mzima tangu chini hata juu, na matawi yake yaliyolala chini yalikuwa na matumba. Mzee mmoja aliyekuwapo akatuuliza, "Nani aliyeupanda huu, na mwaka gani?" Hapana aliyejua. Hatukuuliza kabla ya shoka, na baada ya shoka hapakuwa na wa kumwuliza.

Jambo hilo limetushughulisha sana. Katika kutafuta maarifa juu ya miti inayokufa upande mmoja na kuishi upande wa pili, tumesoma khabari za mti wa mbali kabisa, msonobari unaoota juu ya milima mikavu ya magharibi ya Marekani, na tumeona yafaa uwe ndio somo la toleo hili. Hatutaupanda mti huo hapa kwetu, wala hauzai kitu cha kuuza. Lakini katika miti yote ambayo wanadamu wamepata kuihesabu umri wake mwaka kwa mwaka, huo ndio uliopita yote, na namna unavyoishi ni ya kustaajabisha.

Wataalamu wa mimea wauita kwa Kilatini Pinus longaeva, yaani msonobari wa umri mrefu. Jina hilo ulipewa mwaka 1970 na mtaalamu aitwaye Bailey, kwani kabla ya hapo ulikuwa ukichanganywa na ndugu yake wa milima ya Colorado. Huota katika majimbo matatu tu: California, Nevada na Utah. Mashuhuri zaidi ni ile iliyoko katika milima iitwayo White Mountains, mashariki ya California, karibu na mpaka wa Nevada. Huko miti hiyo imesimama juu sana, kiasi cha futi 10,000 hadi 11,000 kutoka usawa wa bahari.

Msomaji aliyezaliwa Pemba itambidi ajikaze kidogo kuifikiri nchi hiyo. Sisi twapata mvua inayozidi inchi 60 kwa mwaka, na tukikosa vuli moja twalalamika. Kule mvua na theluji vikijumlishwa pamoja havifiki inchi 12, na sehemu kubwa ni theluji. Upepo hauna kizuizi. Ardhi yenyewe ni jiwe jeupe-jeupe liitwalo dolomaiti, lenye chumvichumvi za chokaa, ambalo mimea mingi hailipendi. Basi hapana majani ya chini, hapana magugu, hapana msitu wa kuziba. Mti mmoja uko hapa, wa pili uko kule, na baina yao ni mawe matupu. Muda ambao mti waweza kukua katika mwaka mzima ni kiasi cha wiki sita za majira ya joto, kisha baridi hurudi, na mti hungoja mwaka mwingine.

Ukiuona mmoja katika ile mikongwe hutaamini kuwa ni mti ulio hai. Si mrefu, wengi haufiki urefu wa mnazi mchanga. Shina limepindika na kusokoteka kama kamba, gome limekwisha kubanduka, ubao umebaki wazi, umesuguliwa na upepo wa mchanga na barafu hata ukang'ara kama mlango wa zamani. Matawi mengi ni makavu, yamenyooka juu kama vidole. Kisha ukizunguka upande wa pili utaona ukanda mmoja mwembamba wa gome, unapanda kutoka mzizini mpaka kwenye tawi moja, na tawi hilo lina majani ya kijani yaliyosongamana kama mkia wa mbweha, na matunda yenye magamba na vijimiiba. Huo ukanda ndio uhai wote uliobaki, na mti hauhitaji zaidi.

Aliyeitangaza miti hii duniani ni Bwana Edmund Schulman, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Arizona katika mji wa Tucson. Elimu aliyoisomea ni ile ya kusoma pete za miti, iliyoanzishwa na mwalimu wake A. E. Douglass, ambaye yeye alikuwa mnajimu, mtazama nyota, na mwaka 1937 alianzisha katika chuo hicho maabara ya kazi hiyo tu. Schulman alikuwa akitafuta miti mikongwe inayoota katika ukavu, kwani mti wa namna hiyo huandika khabari za mvua katika pete zake. Mwaka 1953 alisikia uvumi wa kuwa katika White Mountains iko misonobari ya zamani sana, akapanda kwenda kuhakikisha. Mti mkubwa aliouona kwanza, wenye mashina mengi, ulipopimwa haukuzidi miaka 1,500. Si haba, lakini haukuwa mkongwe kama unene wake ulivyodhaniwa. Wengine wangeliridhika wakarudi. Yeye aliendelea miaka kadhaa, na akaona jambo ambalo limepindua fikra za watu: mikongwe kabisa haikuwa ile minene iliyoota penye maji na udongo mzuri, ilikuwa ile duni, iliyokonda, iliyoota juu ya jiwe kavu penye upepo. Mmoja wao, alioupa jina la Pine Alpha, ulikuwa na shina la upana wa karibu futi 4 na gome hai la kiasi cha inchi 10 tu, na umri wake ulipita miaka 4,000. Huo ulikuwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa umefika umri huo.

Mwaka 1957 ukapimwa mwingine, ukakutwa na pete 4,789. Waliuita Methuselah, kwa jina la mzee aliyetajwa katika Taurati kuwa babu yake Nabii Nuhu na kuwa aliishi kupita watu wote. Sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa Nabii Nuhu mwenyewe alikaa na kaumu yake miaka 950. Basi mti ule umeishi zaidi ya mara tano ya muda huo. Uko hai mpaka leo, na umri wake sasa umepita miaka 4,850. Maana yake ni kwamba yale mapiramidi makubwa ya Giza huko Misri yalipojengwa, mti huo ulikuwa umekwisha kupita miaka 200. Schulman hakupata kuiona sifa ya kazi yake. Alifariki Januari 1958, naye ana miaka 49, na makala yake iliyoitangaza miti hiyo ilitoka katika gazeti la National Geographic mwezi Machi mwaka huo huo.

Huenda msomaji akauliza: wamejuaje? Mti haukukatwa, na yupo anayedai kuzihesabu pete zake?

Chombo chao ni keekee, kama keekee ya seremala, ila ncha yake ina uwazi ndani kama mrija. Huzungushwa kwa mikono mpaka ikafika katikati ya shina, kisha hutolewa kipande cha ubao chembamba kama penseli, ambacho juu yake zaonekana pete zote tangu gome mpaka kiini. Tundu lenyewe ni dogo, na mti hulifunga kwa utomvu wake. Kipande hicho hupigwa msasa mpaka kikawa laini, kikatazamwa kwa darubini. Hapana budi darubini, kwani katika misonobari hii inchi moja ya ubao yaweza kuwa na pete zaidi ya 100. Kila pete ni mwaka mmoja: sehemu nyeupe ni ukuaji wa mwanzo wa majira, na ukingo mweusi ni mwisho wake baridi inapoingia.

Lakini kuhesabu peke yake hakutoshi, na hapa ndipo penye ujuzi khasa. Mwaka wa ukame mkali mti huu waweza usiweke pete kabisa katika sehemu ya shina, na mwenye kuhesabu akapunjika bila ya kujua. Dawa yake ni kulinganisha. Tuichukue kwa mfano wa mambo yetu. Mtu ana daftari lake la mavuno ya karafuu, aliloanza mwaka 1980, limeandikwa miaka yote. Katika kasha la marehemu baba yake akaliona daftari jingine, limeandikwa pishi za kila msimu lakini mwaka haukutajwa. Sasa, sote twajua kwamba mkarafuu hauzai sawasawa: mwaka huu neema, mwaka ujao kidogo, miaka miwili huenda hapana kitu, kisha neema tena. Akiyaweka madaftari mawili pamoja, akaona mwisho wa lile la baba mavuno yapanda na kushuka kwa mpango ule ule wa mwanzo wa lake, neema kwa neema, njaa kwa njaa, basi amekwisha kujua kuwa hiyo ni miaka ile ile, na kutoka hapo atarudi nyuma na kuipa tarehe kila safu ya daftari la baba yake. Na kama katika mwaka mmoja baba alisahau kuandika, upungufu utaonekana.

Hivyo ndivyo wafanyavyo. Pete pana na nyembamba za mti mmoja huwekwa sambamba na za mwingine, na pete iliyokosekana hapa huonekana pale. Na kwa kuwa kule juu ni baridi na kavu, na ubao wa msonobari huu umejaa utomvu wa kunata usiopendwa na kuvu wala mchwa, basi magogo yaliyokufa hayaozi. Yamelala juu ya mawe maelfu ya miaka. Bwana Ferguson, aliyeishika kazi baada ya Schulman, aliyakusanya magogo hayo na kuyaunga na miti iliyo hai kama madaftari ya baba na mwana na babu, mpaka mwaka 1969 akatoa hesabu ya mfululizo wa miaka zaidi ya 7,000. Leo mfululizo huo umekaribia miaka 9,000, hapana mwaka hata mmoja uliorukwa.

Faida ya kazi hiyo ilitokea mahali ambapo hapana aliyepatazamia. Wataalamu wa mambo ya kale walikuwa wamepata njia ya kujua umri wa mifupa na mkaa kwa kupima namna ya kaboni inayopungua polepole baada ya kiumbe kufa. Aliyeivumbua, Bwana Willard Libby, alipewa tunzo ya Nobel mwaka 1960. Njia hiyo ilichukulia kuwa kaboni hiyo ilikuwa kiasi kile kile katika hewa siku zote. Ferguson akampa Hans Suess, mtaalamu aliyekuwa La Jolla, California, vipande vya ubao wa msonobari ambao mwaka wake unajulikana kwa yakini. Suess akavipima, na hesabu hazikulingana. Kumbe hewa ya zamani haikuwa sawa na ya sasa, na vitu vya kale vilikuwa vikipewa umri pungufu, vingine kwa mamia ya miaka. Vitabu vikabidi kusahihishwa. Makaburi ya mawe ya Ufaransa, katika nchi ya Bretagne, ambayo wataalamu walisema ni mwigo wa kazi za mashariki, yalionekana kuwa yametangulia mapiramidi ya Misri. Msonobari uliosimama peke yake juu ya mlima wa California uliwarudisha mabwana wakubwa wa Ulaya darasani.

Sasa turejee kwenye lile linalotuhusu, yaani namna mti unavyokufa nusu na kuishi nusu.

Katika mti huu kila mzizi mkubwa hupeleka maji na chakula kwenye sehemu ya shina iliyo juu yake moja kwa moja, na kwenye matawi ya sehemu hiyo, si kwa mti mzima. Ni kama nyumba kubwa iliyogawiwa warithi, kila mmoja na mlango wake na jiko lake. Ardhi ya mlimani huliwa na maji kidogo kidogo, karne kwa karne, mpaka mzizi wa upande mmoja ukabaki nje ukafa. Ukifa, ukanda wa gome ulio juu yake nao hufa, na tawi lake hukauka. Waliobaki hawashtuki. Mti hupunguza matumizi kwa kadiri ya pato lake, ukanda uliobaki unaongeza pete zake nyembamba upande mmoja tu, na mambo huendelea miaka elfu mingine. Majani yake, ambayo ni kama sindano, huyaweka mpaka miaka 30 au 40 kabla ya kuyaangusha, kwa hiyo hata ukija mwaka wa ukame usio na ukuaji wowote, majani ya zamani yapo yanaendelea na kazi.

Ukuaji wake wa polepole nao una faida. Ubao wenye pete za kubanana huwa mgumu na mzito kwa utomvu. Mdudu hupata taabu kuutoboa na kuoza hakuuingii. Na kwa kuwa miti imeachana na chini hapana majani, moto wa radi huunguza mti mmoja ukaishia hapo. Ile iliyoota bondeni penye udongo na maji hunenepa upesi, hurefuka, hupendeza, lakini ubao wake huoza mapema, na haifiki hata nusu ya umri wa wenzao. Schulman aliandika juu ya jambo hili mwaka 1954, kwamba umri mrefu wa miti hiyo umefungamana na dhiki yake.

Jambo jingine ni hili. Mwaka 2001 wataalamu wawili, Lanner na Connor, walitoa uchunguzi wao wa kutafuta dalili za uzee katika misonobari hii. Walilinganisha miti michanga na mikongwe ya miaka elfu kadhaa: ukuaji wa vitawi, uzima wa mbegu, kazi ya mishipa ya maji. Hawakuona kuwa mikongwe imedhoofika. Mbegu za mti wa miaka 4,000 ni nzima kama za kijana. Mti huu, kwa kadiri walivyoona, haufi kwa uzee. Hufa kwa kupatwa na jambo, ama mmomonyoko wa ardhi, ama radi, ama mdudu, ama mwanadamu.

Hapa yatupasa tuseme neno la tahadhari, kwani tunawajua wenzetu. Asije mtu akasema, "Katibu ameandika kuwa dhiki hurefusha umri, basi mwaka huu sipalilii." Mkarafuu si msonobari. Asili yake ni visiwa vya Maluku, nchi ya mvua na joto, na sisi twaupanda kwa ajili ya karafuu, hatuupandi ushindane kwa umri. Na ule ugonjwa wa kufa ghafla uliowahi kuangamiza mashamba mengi huko Unguja na hapa, sote twajua ulivyo: majani yote hunyauka pamoja, na katika muda mchache mti mzima umekwisha, hapana upande uliosalia. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila mkarafuu uliokauka nusu utaishi. Twasema kwamba ukavu wa upande mmoja, peke yake, si khabari ya kifo.

Sasa tufikie kisa ambacho ndicho hasa kilichotufanya tuandike.

Katika jimbo la Nevada uko mlima uitwao Wheeler Peak. Juu yake, karibu na mwisho wa mahali panapoota miti, palikuwa na msonobari ambao wapanda milima wa huko waliupa jina la Prometheus. Mwaka 1964 alifika hapo kijana Donald Currey, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, anayechunguza khabari za barafu za zamani juu ya milima. Alihitaji kujua umri wa miti ili ajue barafu iliondoka lini. Mti huo aliupa namba tu, WPN-114. Akaupiga keekee. Khabari zinatofautiana juu ya yaliyotokea: wengine wasema keekee ilikwama au ikavunjika ndani, wengine wasema shina lilivyopindika hakuweza kupata kipande kizima. Ilivyokuwa, aliomba ruhusa kwa watunzaji wa msitu akate mti, na ruhusa akapewa. Kwa macho ya waliotoa ruhusa ulikuwa ni mti mmoja mzee uliokauka nusu, kama mingine mingi.

Ukakatwa mwezi Agosti, 1964. Currey aliketi na kipande chake akaanza kuhesabu. Alifika 4,844. Baadaye mtaalamu mwingine alikihesabu tena kipande hicho akapata 4,862, na kwa kuwa kilikatwa juu ya usawa wa mzizi wa mwanzo, umri wa mti wenyewe hukadiriwa kuwa kiasi cha miaka 4,900. Siku ulipokatwa, hapakuwa duniani na mti mwingine uliojulikana kwa hesabu kuwa ni mkubwa kuliko huo. Ulijulikana kuwa ndio mkubwa kwa sababu ya kukatwa kwake.

Tumelifikiri jambo hili sana na hatuoni kuwa yule kijana alikuwa mtu mwovu. Aliomba ruhusa, alikuwa na haja ya elimu, naye aliyachapisha matokeo yake mwaka 1965 bila ya kuyaficha. Akaja kuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Utah, akafariki mwaka 2004, na maisha yake yote watu walikuwa wakimwuliza juu ya mti ule. Waliotoa ruhusa nao hawakuvunja sheria. Kosa lilikuwa ni moja, na ni dogo kulitamka: mti ulitazamwa kwa upande wake mkavu. Sisi tuliotoa shauri kwa mwenzetu mwezi uliopita tumeona haya kulisoma hilo.

Baada ya kisa hicho ulinzi uliongezeka. Ile misonobari ya White Mountains ilikwisha kutengewa eneo lake tangu 1958, na mlima wa Wheeler Peak ukaingizwa katika hifadhi ya taifa ya Great Basin iliyoanzishwa mwaka 1986. Methuselah hauna kibao. Wageni huzunguka njia ya kiasi cha maili 4 inayopita katika msitu wake, hupita mbele yake bila ya kujua, kwani watunzaji hawausemi ni upi. Wangeliusema, kila mgeni angelichukua kipande cha ukumbusho, na mti wenye ukanda mmoja wa gome hauwezi kustahimili ukumbusho mwingi. Hata hivyo wanadamu ni wanadamu: mwaka 2008 mtu alilitia moto jengo la wageni hapo likateketea, na baadhi ya misonobari ya karibu ikaungua pamoja nalo.

Na joto la dunia linapanda huko kama linavyopanda kwetu. Ilidhaniwa kuwa wadudu wa magome hawaiwezi misonobari hii kwa ule utomvu wake. Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 umeonyesha kuwa kati ya 2013 na 2020, katika mlima Telescope Peak wa California na katika milima ya Wah Wah huko Utah, mingi ya miti hii ilikufa kwa kuungana kwa ukame, joto na wadudu waliohamia kutoka katika misonobari ya namna nyingine iliyo karibu. Miti iliyozoea kufa kwa vipande katika maelfu ya miaka ikafa mizima katika miaka michache.

Tukirudi nyumbani: umri wa mkarafuu hatuwezi kuujua kwa keekee. Nchi yetu haina baridi ya kuusimamisha mti kila mwaka, na miti mingi ya nchi za joto haiweki pete za kuaminika. Umri wa mikarafuu yetu umo katika karatasi na katika vichwa vya wazee, na wazee wanapungua. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kikaiacha ya Pemba. Lakini leo ukimwuliza mtu shambani kwake ni mti upi uliopandwa zamani zaidi, atakuonyesha ulio mnene. Tumekwisha kuona katika khabari ya Bwana Schulman kwamba unene haujibu swali hilo. Waliopewa eka tatu baada ya Mapinduzi walipewa na miti iliyokwisha kuwapo, na hati ya shamba haisemi mti ulipandwa na nani.

Kwa hiyo Kamati imekubaliana mambo mawili. La kwanza, haitatoa tena shauri la kukata mkarafuu kwa kusikia tu. Wajumbe wawili watakwenda, wataukwangua gome kwa kisu kuuzunguka mti wote, na watafuata ukanda wa kijani kutoka mzizini mpaka tawini. Ukikutwa umeungana, mti utaachwa na matawi makavu tu ndiyo yatakayokatwa. Panapoonekana alama za ugonjwa, shauri ni la bwana shamba, na lisicheleweshwe. La pili, tumefungua daftari la miti mikongwe. Kila mwanachama alete khabari za mikarafuu yake aliyoirithi: ipo mingapi, nani aliyepanda, na mwaka gani. Asiyejua mwaka aseme kwa tukio: kabla ya Mapinduzi ya 1964 au baada yake, kabla ya ndoa ya fulani, alipozaliwa fulani. Tutalinganisha maneno ya jirani kwa jirani mpaka miaka ipatikane. Mwenye wasia wa zamani au barua ya waqfu inayotaja miti, tunamwomba aje nayo tunakili mbele yake, na karatasi yake arudi nayo siku hiyo hiyo.

Daftari lipo kwa Katibu kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Mzee asiyeweza kutembea atufahamishe kwa mjukuu, tutakuja wenyewe. Ule mkarafuu uliokatwa tumeuandika wa kwanza, na mahali pa mwaka pamebaki wazi.